Aproni ya Tanga

Niliiona aproni kabla sijamwona mtu.

Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya juu pale Mogogosiek, mkoba begani, viatu vimejaa tope. Chini yangu shamba la chai liliteremka mpaka mtoni, kijani tupu, na katikati ya kijani hicho kulikuwa na rangi ya machungwa yenye mistari ya buluu. Hakuna duka la Kericho wala Bomet lililouza aproni ya namna hiyo. Najua, kwa sababu niliishona mimi mwenyewe.

Niliikata kutoka kwenye tanga. Kazi yangu ilikuwa Diani, katika hoteli ya ufukweni, kuwafundisha wageni kusimama juu ya ubao wenye tanga na kuuendesha kwa upepo. Siku moja Mjerumani mmoja mzito aliliangukia tanga likapasuka, na meneja akasema litupwe. Chepkurui, msichana kutoka nchi ya chai aliyekuwa amekuja kutembea pwani, alikuwa ameketi mchangani akitutazama. Akaja, akalishika, akalimwagia maji, akayaona yakiteleza yote.

"Hii ni aproni unatupa," akaniambia. "Zile zetu za kuchumia chai ni plastiki. Zinapasuka, unafika nyumbani sketi imelowa mpaka ndani."

Nikaazima sindano ya kushonea matanga, nikamshonea. Siku ya kurudi kwao, mwezi wa Januari, aliivaa juu ya nguo zake safi akapanda basi nayo. Watu wa stendi walimcheka. Hakuivua.

Sasa ulikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa nimemwandikia, hakujibu. Msimu wa mvua ulipoanza na wageni wakapungua, niliomba ruhusa nikaja mwenyewe, bila kumwambia mtu.

Nikashuka kati ya mistari ya chai polepole, miche ikinikwaruza mapaja. Alikuwa amenipa mgongo, ameinama, kikapu nyuma, kitambaa kichwani. Nilitaka kumshtua. Nikamwambia yale maneno niliyomwambia mara ya kwanza alipopanda ubao, magoti yakimtetemeka:

"Nyoosha mikono, Chepkurui. Usiangalie maji. Angalia unakoenda."

Mtu akageuka.

Alikuwa mwanamke mzee. Masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa kama ya wazee wa Kipsigis wa zamani, ncha zimefungwa juu zisimsumbue kazini. Macho yake yalikuwa makali, hayakushtuka hata kidogo. Mimi ndiye niliyeangusha mkoba.

"Maji gani?" akauliza.

"Samahani, mama. Chamgei," nikamsalimu kwa lugha yao. "Nilidhani ni mtu mwingine."

"Chamgei. Ulidhani ni nani?"

"Chepkurui."

"Na wewe ni nani kwa Chepkurui?"

"Rafiki yake." Nikajaribu kutabasamu. Chepkurui aliniambia nyumbani wako wawili tu, yeye na mama. "Nafikiri wewe ndiye mama yake. Nimefurahi kukuona."

"Mama yake yuko Roret." Akatupa majani kikapuni, akajipangusa mikono kwenye aproni yangu. "Mimi ni bwana yake."

Nilicheka. Mtu akipigwa ghafla, wakati mwingine hucheka kwanza. Yeye hakucheka. Alisimama na ufito wake wa kusawazishia chai, akaningoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua iishe.

"Bwana yake," nikasema.

"Ng'ombe zangu zilienda kwa baba yake. Uliza huyo baba, atakwambia. Mzee wangu, Arap Tonui, alikufa akaniacha na msichana mmoja tu, na huyo alienda kufanya kazi huko pahari, Diani. Nyumba ya mzee ife? Nikaoa. Sisi tunaita toloch. Chepkurui akizaa kijana, huyo ni kijana ya Arap Tonui, na hii chai ni yake."

Nilikuwa nimesikia habari za ndoa hizo. Hata kwetu Kisii zipo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa msichana, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba hiyo. Mwanamume anayewaleta duniani hana neno. Nilikuwa nimesikia kama unavyosikia ugonjwa wa jirani. Sikuwahi kufikiria utakuja kunipiga mimi, katikati ya chai, saa nne asubuhi.

Nikashika mche.

"Usivunje chai," akasema mzee. Kisha akanitazama kutoka viatu mpaka nywele, polepole, kama mtu anayekagua ndama mnadani. "Wewe ni ule wa mbao. Ule wa hoteli. Vinny."

"Unanijua?"

"Nakujua tangu Disemba. Celine ni msichana yangu, anafua mashuka kwa hiyo hoteli yenu. Alinitumia habari yako. Mrefu, meno mazuri, hanywi pombe, hapigani. Kabila ya huko huko pahari. Nikasema sawa, huyo atatosha."

"Nitatosha nini?"

Mzee akashangaa kwamba nauliza.

"Kijana yangu, ulifikiri nani alimlipia basi? Nani alimwambia aende akae na Celine, acheze maji, apumzike? Hapa mwanaume wa karibu ni shida. Leo anakusaidia, kesho anakuja na panga anasema mpaka uko hapa, mtoto ni wangu, chai ni yangu. Mwanaume ya mbali anarudi mbali. Pahari inamchukua." Akainua kikapu kikae vizuri mgongoni. "Ulifanya kazi mzuri. Amebeba. Kikapu nimemkataza sasa, ndiyo maana nimevaa hii yake. Twende unywe maziwa, halafu nitakusindikiza barabarani."

Akatangulia. Nikamfuata. Mpaka leo sijui kwa nini nilimfuata, ila kichwani nilikuwa na neno moja tu, na neno hilo lilikuwa amebeba.

Nyumba ilikuwa ya mabati, safi, yenye kuta za udongo zilizopakwa chokaa. Mzee akaniketisha nje kwenye kigoda, akatikisa kibuyu cha mursik, akanimiminia maziwa ya mgando yenye rangi ya majivu. Nilikuwa nimeshika kikombe bila kunywa wakati Chepkurui alipotokea nyuma ya zizi na ndoo ya maziwa.

Aliponiona alisimama. Ndoo haikumwanguka, ila maziwa yaliyumba yakamwagikia mguuni, na yeye hakutazama chini. Tumbo lake lilikuwa limejitokeza chini ya sweta. Uso ulikuwa ule ule, wenye lile doa dogo chini ya jicho ambalo jua la Diani lilikuwa limeliongeza weusi.

"Vinny," akasema.

"Mwambie mgeni anywe maziwa," mzee akasema. "Anakaa kama mtu ameona nyoka." Akachukua majani yake akaenda kuyamwaga kivulini, si mbali. Alitaka tuongee, lakini alitaka pia asikie.

"Ulinidanganya," nikamwambia Chepkurui.

"Sikukudanganya. Nilikwambia nyumbani tuko wawili."

"Ulisema wewe na mama."

"Hapa tunamwita mama. Ulitaka nimwite nani?"

"Ulipaswa kuniambia umeolewa."

"Ningekuambia, ungefanya nini?" Aliweka ndoo chini. "Ungenifundisha kusimama kwenye ubao? Ungenishonea aproni?"

Nikauliza lile lililokuwa linaniunguza.

"Alikutuma. Yote ilikuwa ni kutumwa? Ule ubao, ile parachuti, zile siku za mwisho?"

Chepkurui akaangalia upande wa mzee, kisha akaniangalia mimi, akashusha sauti.

"Unakumbuka siku ile niliondoka na ubao peke yangu?"

Nakumbuka. Ilikuwa asubuhi na mapema. Upepo ulikuwa unatoka bara ukielekea baharini, na upepo wa hivyo hulaza maji, hakuna wimbi, bahari yote laini. Mtu wa chai akiiona huona shamba lililosawazishwa vizuri, akadhani ni siku ya usalama. Sisi wa mbao tunaiogopa kuliko dhoruba. Upepo huo hukuchukua polepole, wewe mwenyewe ukifurahi na kuimba, na ukigeuka kutazama nyuma, hoteli ni kijiti. Nilipotoka kunywa chai nilimwona Chepkurui ameshakuwa doa. Nikachukua boti ya parachuti nikamfuata. Nilimkuta ameketi juu ya ubao, miguu majini, tanga limelala. Hakuwa analia. Hakuwa ameita mtu.

"Nilikuuliza kama ulijua upepo ule," nikasema. "Ulisema hapana, hukujua."

"Kwanza sikujua. Baadaye nilijua. Niliona watu wanakuwa wadogo, na sikutaka kurudi." Akashika tumbo lake bila kujua anashika. "Celine alikuwa ameniambia jana yake, mama amekubali huyu Vinny. Nikaona hata ile kitu moja nilikuwa nimependa kwa macho yangu mwenyewe, mama ndiye amenichagulia. Nikasema basi upepo unipeleke. Halafu ukaja na hiyo boti yako inapiga kelele, umesahau hata shati."

"Na parachuti?"

Siku mbili baadaye nilikuwa nimemfunga mikanda ya ile parachuti ambayo boti huivuta mpaka mtu anapaa juu ya maji. Nilimfunga mwenyewe, mikanda ya kifuani, ya mapajani, nikavuta kila mmoja mara mbili kuhakikisha. Boti ikaondoka, naye akainuka, miguu ikacheza hewani, akawa mdogo kama ndege. Aliposhuka machozi yalikuwa yanamtiririka. Wageni wakapiga makofi. Nilidhani ni hofu.

"Juu kule sikuwa mke ya mtu," Chepkurui akasema. "Wala msichana ya mtu. Nililia kwa sababu kamba ilikuwa inarudi chini."

Nikaweka kikombe chini.

"Basi twende. Leo. Baba yako arudishe ng'ombe."

"Ng'ombe ilioa bibi ya kaka yangu zamani. Baba atarudisha nini, kwato?" Alikaribia kucheka. "Na usimchukie huyu mama. Baba alitaka kunipa kwa mzee wa Kiptere, bibi wa nne. Nilikimbilia hapa nikilia. Huyu mama ndiye alitoa ng'ombe kunitoa huko. Hajawahi kunipiga. Hajawahi hata kuniita mjinga. Nikiondoka na hili tumbo, hii nyumba imekufa, na mimi ndiye nimeiua."

"Na mimi? Mimi nirudi baharini kama alivyosema, niwafundishe Wajerumani kuanguka, na mtoto wangu yuko hapa anaitwa wa marehemu?"

Alinitazama tu. Yale macho nilikuwa nimeyabeba kutoka Diani mpaka Mogogosiek, na sasa niliyaogopa.

Nikasimama. Mtu mwenye hasira hutafuta kitu cha kufanya na mikono. Mimi sikuwa na ukuta wa kupiga. Kulikuwa na chai, imefika mpaka ukingo wa ua. Nikaingia mstari wa kwanza nikaanza kuchuma. Sikufikiri. Mikono miwili, majani mawili na chipukizi, kushoto, kulia, kiganja kikijaa natupa begani nyuma, na hakuna kikapu, majani yakaanguka chini kama mvua.

Nilisikia ufito wa mzee ukidondoka.

"Hiyo mkono," mzee akasema nyuma yangu, "imejifunza wapi?"

Nikaacha. Chepkurui alikuwa amefunga macho.

"Nakuuliza wewe. Mtu ya pahari anachuma nazi. Hiyo mkono imejifunza wapi?"

"Kwenye shamba kubwa huko Kericho," nikamwambia. "Baba yangu ni Kebaso, anachuma chai miaka yote. Nimezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Mimi ni Bogonko. Vinny ni jina la hoteli, wageni hawawezi kusema Bogonko."

"Wewe ni Mkisii."

"Ndiyo, mama."

"Baba yako yuko hapo Kericho tu."

"Hapo tu. Nikitoka hapa sasa, nitakula chakula cha jioni kwake."

Mzee akatafuta kigoda kwa mkono bila kutazama, akakosea, akakaa chini kwenye nyasi. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikutegemea. Yule mwanamke aliyenishtua mara tatu asubuhi moja, mdomo wake ulikuwa wazi.

"Celine alisema mtu ya pahari," akasema. "Anaongea Kiswahili yao. Anatembea bila viatu."

"Celine alinijua kwa jina la hoteli. Watu wa kule wote wananiita hivyo."

"Na wewe?" Alikuwa anamtazama Chepkurui. "Wewe ulijua?"

Chepkurui hakuinama. Nilitegemea atainama.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza, mama. Aliniambia tukiwa ndani ya maji. Alitaja mpaka jina ya bwawa wanaogea wakiwa watoto."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Nilikwambia mtu ya mbali. Nilikwambia mara ngapi, Chepkurui? Mtu ya karibu anakuja. Ona, amekuja."

"Ningesema ni wa karibu, ungesema nitafute mwingine." Akamsogelea mzee hatua moja. "Barua zake nilipata, sikujibu, ili asijue njia, ili wewe ulale. Lakini nilikuwa najua anaweza kuja. Kila siku nikikamua ng'ombe naangalia hiyo njia ya juu. Ulichagua huyu, mama. Lakini mimi nilimchagua kwanza, na nilimchagua kwa sababu ni wa karibu."

Mimi nilikuwa nimesimama na chai mkononi kama mjinga. Nilikuwa nimekuja kumshtua msichana kwa nyuma, na sasa nilikuwa nimeambiwa napendwa, mbele ya bwana yake, naye ni bibi kizee aliyekaa kwenye nyasi amevaa tanga langu.

Mzee akang'oa nyasi, akaitazama, akaitupa.

"Unataka shamba?" akaniuliza.

"Sitaki shamba."

"Wote wanasema hivyo."

"Mimi nataka huyu. Na huyo." Nikaonyesha tumbo.

"Huyo ni wa Arap Tonui. Hiyo haibadiliki hata ukilia. Jina ni yetu, ukoo ni wetu, akikua atatahiriwa pamoja na vijana ya hapa. Siku unasema hapana, wewe ni ule mtu ya panga na mpaka, na nitaita wazee."

"Na mtoto ataniita nani?"

"Bogonko."

"Si baba?"

"Baba niko," mzee akasema.

Nilimtazama Chepkurui. Nilitaka aseme neno, anitetee. Alikuwa amesema yake yote, na sasa ilikuwa zamu yangu, na uso wake ulikuwa ule wa siku ile kwenye ubao, umeketi katikati ya maji, hauiti mtu.

Niliwaza kazi yangu. Niliwaza meneja, na mbao zangu zimepangwa chini ya makuti, na mawimbi ya mwezi wa nane ambayo wageni huvuka maelfu ya maili kuja kuyapanda. Niliwaza baba yangu akiulizwa na wenzake, kijana wako ameoa wapi, naye anatafuta jibu. Hakuna kilichokuwa chepesi.

Mzee akajiinua kwa kushika bega la Chepkurui. Akafungua kamba za aproni, akaikung'uta, akanirushia.

"Gari ya majani inakuja mchana. Mimi mgongo umekufa na huyu nimemkataza kikapu. Na hiyo umemwaga chini utaokota yote."

Niliishika. Chini ya harufu ya chai na moshi, bado ilikuwa na chumvi. Nikaivaa kifuani, nikapeleka kamba nyuma, vidole vikakataa kufunga.

Chepkurui akaja nyuma yangu. Akazichukua kamba mikononi mwangu. Akafunga fundo, akalivuta, akalivuta tena, mara mbili, kama nilivyomfunga siku ile aliyopaa. Paji la uso wake likagusa mgongo wangu kidogo tu, halafu likaondoka.

"Usiangalie chini," akasema.

Nikachukua kikapu, nikaingia kwenye mstari. Upepo ulikuwa umekufa. Chai yote mpaka mtoni ilikuwa imelala, hakuna jani linalotikisika, laini kama bahari siku ya upepo wa bara. Najua utulivu wa namna hiyo humpeleka mtu wapi. Nikanyoosha mikono, nikaanza kuchuma.